Oktoba ya Migosi na siku isiyo na jina

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 10 Oktoba 2025, nilitoka kwangu Migosi nikitaka kufika soko la Kibuye kabla jua halijawa kali. Pale stejini nilimkuta kijana wa bodaboda amejilaza juu ya pikipiki yake, miguu ameitundika kwenye usukani.

"Mwalimu, leo hakuna kazi," akaniambia. "Shule zimefungwa, maofisi zimefungwa. Ni Moi Day."

Ualimu ni ugonjwa usiopona hata ukistaafu. Nikamweleza kwamba Moi Day ilikwisha kitambo, kwamba siku hizi tarehe kumi inaitwa Siku ya Mazingira na kila Mkenya anatarajiwa kupanda mti. Akanitazama kwa ile huruma ambayo vijana hututazama nayo sisi wazee.

"Sawa, Mwalimu. Lakini si holide ni ile ile ya Moi?"

Mama anayeuza mandazi kando ya steji akaingilia bila kugeuza uso kutoka kwenye karai lake. "Mimi najua ni ya utamaduni. Mwaka juzi mtoto wangu aliambiwa avae kitamaduni shuleni."

Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa mwaka wake. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi, na ikaendelea kuwa hivyo hata baada yake kuondoka Ikulu mwaka wa 2002. Katiba ya 2010 ikaja na orodha fupi. Kifungu cha 9 kinazitaja siku tatu tu za kitaifa: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Moi hayumo. Kwa miaka kadhaa tukaenda kazini tarehe kumi kama siku nyingine yoyote, mpaka Novemba 2017 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba Sheria ya Sikukuu za Umma haijabadilishwa na kwa hiyo mapumziko yangalipo. Desemba 2019 Baraza la Mawaziri likaibatiza Siku ya Huduma. Kabla hatujajua tuhudumie nini, ikawa Siku ya Utamaduni. Mwaka wa 2024 sheria ikabadilishwa tena, ikawa Siku ya Mazingira. Tarehe ni moja, majina ni manne, na kijana wa bodaboda bado anaita Moi Day.

Usimcheke, msomaji. Hata jina lenyewe la mwezi huu halijawahi kusema kweli. Oktoba limetokana na neno la Kilatini la nane, kwa kuwa kalenda ya kale ya Warumi ilianzia Machi. Mwezi ukasogea ukawa wa kumi, jina likabaki pale pale. Kaizari mmoja wa Roma, Domitian, aliwahi kuuvua mwezi huu jina lake na kuupa la kwake. Alipouawa mwaka wa 96, Warumi wakarudia Oktoba yao kana kwamba hakuna lililotokea. Julius na Augustus ndio waliobahatika kudumu katika Julai na Agosti. Mwenye nguvu hupenda kukaa ndani ya kalenda, lakini si kila mwenye nguvu hukaribishwa humo kwa muda mrefu.

Hayo ya tarehe kumi ni mepesi. Oktoba ya Kisumu ina mambo mazito zaidi, na ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike.

Tarehe 20 Oktoba ndiyo sikukuu yetu kuu ya mwezi huu. Ilianza kama Siku ya Kenyatta. Chanzo chake ni tarehe 20 Oktoba 1952, gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari, na usiku huo polisi na wanajeshi wakaanza kuwakamata viongozi. Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa Kapenguria: Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko. Watu sita wakakamatwa, siku ikapewa jina la mmoja. Katiba ya 2010 ilijaribu kuwarudishia wale watano haki yao kwa kuiita Siku ya Mashujaa, kwa wingi. Nani asiyeona kwamba kiambishi kile cha "ma-" kina uzito wa kisiasa?

Katika hao sita, mtu wetu wa ziwani ni Ramogi Achieng' Oneko, mzaliwa wa Uyoma, mwandishi na mhariri wa gazeti la Ramogi. Alishinda rufaa yake, ila serikali ya kikoloni ikaendelea kumzuilia hadi mwaka wa 1961. Uhuru ulipopatikana akawa waziri wa habari. Mwaka wa 1966 alimfuata Jaramogi Oginga Odinga katika chama cha upinzani cha KPU. Na mwishoni mwa Oktoba 1969, siku chache tu baada ya taifa kusherehekea kukamatwa kwake yeye na wenzake mwaka wa 1952, alikamatwa tena. Safari hii aliyemtia ndani ni serikali ya mfungwa mwenzake wa Kapenguria. Aliachiliwa mwaka wa 1975. Miaka yote hiyo alipokuwa kizuizini, kila tarehe 20 Oktoba ilipofika, nchi ilipumzika kwa heshima ya siku ambayo yeye pia alifungwa pingu. Nikiwafundisha wanafunzi maana ya kinaya nilikuwa nikihangaika kutafuta mifano kwenye riwaya. Siku hizi nawapa huu.

Kilichotokea kati ya hizo tarehe mbili ni siku ambayo haina jina.

Jumamosi ya tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya ya mkoa. Ilikuwa imejengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti, na aliyeutafuta msaada huo alikuwa Jaramogi mwenyewe alipokuwa angali serikalini. Mji ulikuwa na kidonda kibichi. Tom Mboya alikuwa ameuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai, miezi isiyotimia minne. Umati ulikuwa mkubwa, na watoto wa shule walikuwemo. Wafuasi wa KPU wakapaza sauti ya "Dume! Dume!", kwa kuwa fahali ndiye aliyekuwa nembo ya chama chao. Rais alijibu kwa Kiswahili, na hapa mwalimu wa Kiswahili lazima ainamishe kichwa, maana maneno aliyoyatumia siku hiyo hayachapishwi katika gazeti la familia. Aliapa kuwasaga wapinzani wake kama unga. Alimwambia Jaramogi, aliyekuwa ameketi pale pale, kwamba isingekuwa urafiki wao angekuwa amemfunga. Msomaji akumbuke kwamba mwaka wa 1958, wakati kumtaja Kenyatta kwa wema kulikuwa hatari, ni Jaramogi huyo huyo aliyesimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kiongozi wa kweli wa Wakenya ni yule aliyefungwa.

Vurugu zikazuka. Walinzi wa rais na polisi wakafyatua risasi. Msafara ulipokuwa ukiondoka, ufyatuaji uliendelea barabarani, na walioshuhudia wamesimulia kwamba ulifika hata pande za Awasi, mbali kabisa na hospitali. Hesabu ya serikali ilisema watu 11 walikufa. Hesabu za wengine zinafika mia. Tarehe 30 Oktoba KPU ikapigwa marufuku. Jaramogi na viongozi wenzake walikuwa tayari kizuizini, na Oneko akiwa mmoja wao, kama nilivyosema.

Hospitali ile imepewa majina rasmi zaidi ya moja tangu siku hiyo, na leo hii ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Jina refu, la heshima, limeandikwa vizuri langoni. Lakini ingia matatu yoyote mjini umsikilize utingo. Hatakuita uende Jaramogi. Atakuita "Russia! Russia!" Sovieti imevunjika, ramani zimechorwa upya, na Kisumu bado tunazaa watoto Russia na kuwalaza wagonjwa Russia. Sijui kama kuna mji mwingine katika Afrika Mashariki ambapo jina la mtaani limeyashinda nguvu majina ya wizara kwa zaidi ya nusu karne.

Sasa nifike kwenye lugha, maana ukumbi huu ni wa lugha.

Kila Oktoba 25 inapokaribia, hujitokeza mtu akaandika kwamba wakazi wa Kisumu "wanaadhimisha" mauaji ya 1969. Neno hilo hunikwaruza masikio. Adhimisha linatokana na adhama, ukuu. Ndugu zake ni adhimu na taadhima. Kuadhimisha jambo ni kulikuza, kulipa ukuu wake. Tunaadhimisha uhuru, tunaadhimisha ndoa iliyotimiza miaka hamsini. Ukiniambia unaadhimisha mauaji, nitakuuliza uko upande gani wa bunduki. Najua wapo watakaosema matumizi yameshapanua maana, na kwamba kamusi leo zinaruhusu adhimisha kwa kumbukumbu ya aina yoyote. Huenda. Lakini lugha ikishakuwa na maneno mengine, uvivu wa kutoyatumia si kupanua maana.

Yapo maneno mengine. Majirani zetu ng'ambo ya ziwa wanalo moja zuri. Mwalimu Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na kila mwaka siku hiyo Watanzania hufanya kile wanachokiita kumbukizi. Huku Kenya neno hilo bado ni geni mdomoni. Sisi tuna kumbukumbu, ambalo tumelitwisha mizigo mingi: ni kumbukumbu za mkutano, ni kumbukumbu akilini, ni kumbukumbu ya wafu. Kumbukizi lina faida ya kufanya kazi moja. (Ukiniruhusu kando kidogo: Oktoba ni mwezi wa ziwa zima. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Tanzania inamkumbuka Mwalimu tarehe 14, nasi tarehe 20. Maji ni hayo hayo, na kila ufuo una siku yake.)

Na kama Kiswahili hakitoshi, Kisumu ina Kidholuo. Familia ya Kijaluo humfanyia marehemu wao *rapar*, na mzizi wake ni *par*, kufikiri na kukumbuka kwa pamoja. Inaweza kuwa mwaka mmoja baada ya mazishi, inaweza kuwa miaka kumi, kutegemea mfuko. Hema hupigwa, ibada hufanywa, watu hula, jina la marehemu hutajwa na mambo yake husimuliwa, hata yale ya kuchekesha. Rapar haisubiri gazeti rasmi la serikali. Haihitaji waziri aitangaze. Inahitaji mambo mawili tu: watu wake, na jina la aliyekufa. Na hilo la pili ndilo gumu kwa wale wa 1969, kwa kuwa hesabu isiyokubaliana kati ya 11 na 100 ina maana kwamba kuna majina mengi ambayo hayajawahi kusomwa hadharani.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi ya adhimisha. Nimewasikia wasemaji jukwaani wakiwaita waliouawa "mashujaa wetu wa Russia". Nia ni njema. Wanataka kuwapa wafu heshima, na heshima ya juu kabisa ambayo kalenda yetu inaijua mwezi huu ni hiyo ya ushujaa. Lakini shujaa ni mtu aliyechagua. Neno lenyewe, tuliloazima kutoka Kiarabu, ni la mtu jasiri anayeikabili hatari akiijua. Kidholuo nacho kina *thuon*, jasiri wa vita, neno ambalo pia hutumika kwa jogoo, na kila aliyewahi kuona jogoo wawili uani ataelewa kwa nini. Oneko alichagua. Jaramogi alichagua. Mtoto wa shule aliyepangwa na mwalimu wake kando ya barabara ili ampungie rais mkono, alichagua nini? Ukimwita shujaa unamwingiza katika vita ambavyo hakuvijua, na ukishamwingiza vitani, aliyempiga risasi anakuwa askari tu aliyekuwa kazini.

Wengine husema wahanga. Hapo nina mashaka zaidi. Mhanga, ukiacha yule mnyama mchimba mashimo, ni anayetolewa kafara au anayejitoa kwa ajili ya wengine. Kafara kwa nani? Kafara ya nini?

Kwangu mimi neno ni mwathiriwa, na nasisitiza "-wa" wala si "-ka". Walimu wenzangu wamezozana kuhusu mwathirika na mwathiriwa kwa miaka, na wengi wa wasomaji huona ni ubishi wa watu wasio na kazi. Siamini hivyo. Kikombe kikivunjika, huenda kiliteleza chenyewe. Kikombe kikivunjwa, kuna mkono. Kauli ya kutendeka haimtafuti mtendaji. Kauli ya kutendwa inamwachia kiti, hata asipotajwa. Angalia tunavyoyasimulia mambo ya 1969. "Risasi zilifyatuka." "Watu walipoteza maisha." Wazee wetu huku husema "risasi zikalia", kana kwamba zilikuwa ndege wa alfajiri. Risasi haifyatuki barabarani kutoka hospitalini hadi Awasi. Inafyatuliwa. Na mtu hapotezi maisha kama anavyopoteza kitambulisho. Waliuawa, na waliowaua walikuwa na sare na orodha ya mishahara. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyoangalia dhuluma za kihistoria iliyaweka mauaji ya Kisumu katika ripoti yake ya mwaka wa 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa Jomo, aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za nyuma kwa jumla, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa. Radhi ya jumla ni afadhali kuliko kimya. Lakini nayo ilikuwa bila tarehe, na huku kwetu tarehe tunayo.

Oktoba haikuishia hapo kutudai. Tarehe 26 Oktoba 2017, siku moja baada ya kutimia miaka 48, ndiyo iliyochaguliwa kwa uchaguzi wa marudio wa urais. Kisumu haikupiga kura. Siaya, Homa Bay na Migori nazo hazikupiga. Kondele ilikuwa moshi na mawe, na damu ikamwagika tena. Mtu aliyetoka nje ya nchi angeweza kudhani tarehe hizo mbili kukaribiana ni sadfa. Hata mimi nadhani ni sadfa. Lakini sadfa ikishapiga nyumba moja mara mbili, wenye nyumba hawaiiti hivyo.

Kisha ikaja Oktoba hii ya 2025.

Jumatano tarehe 15, Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, alifariki nchini India akiwa na umri wa miaka 80. Habari ilifika Migosi kabla watu hawajamaliza chai. Nilisikia kilio kikipanda kutoka ploti moja hadi nyingine, kama maji yanavyojaza mifereji. Alikuwa ameacha wosia azikwe haraka, na kweli kufikia Jumapili tarehe 19 alikuwa ameshalazwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo. Kwa desturi ya Kijaluo, mtu wa kimo hicho kuzikwa ndani ya siku nne ni jambo la kushangaza, na wazee walinung'unika, tena si kwa siri. Muda wa kulia ulikuwa mfupi, watu wakajitwalia nafasi barabarani.

Nilichokiona kwenye barabara ya Kakamega siku zile ni *tero buru*, ile ya kisasa. Maana ya maneno hayo ni kupeleka majivu, au vumbi. Zamani wanaume walitoka na ng'ombe, mikuki na pembe, wakaenda hadi mpakani kukimbiza kifo, kisha wakarudi nyumbani kwa marehemu. Safari hii pembe zilikuwa honi, na ng'ombe walikuwa pikipiki, mamia kwa mamia, kila mmoja na tawi la mti. Yule kijana wangu wa Moi Day alikuwa miongoni mwao. Siku ya Mazingira hakupanda mti, lakini juma lililofuata alikata tawi. Sikumsahihisha.

Jumamosi tarehe 18 mwili uliletwa uwanjani Mamboleo ili watu wauage. Migosi iko katikati ya Kondele na Mamboleo, kwa hiyo umma wote ulipita mlangoni kwetu, tangu usiku wa manane. Wengine walizimia kwa msongamano na jua. Na uwanja wenyewe unaitwaje? Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Barabara kuu inayopasua mji wetu nayo ni Jomo Kenyatta. Kwa hiyo mwana wa Jaramogi aliagwa na Kisumu ndani ya uwanja wa Jomo, na waliozimia wakakimbizwa hospitali, nayo ni ya Jaramogi, ile ile iliyofunguliwa na Jomo siku ya risasi. Hakuna mtunzi wa tamthilia ambaye angethubutu kupanga hivyo. Mhariri angemwambia apunguze. Sisi tunapita hapo kila siku tukienda sokoni na hatusikii chochote, mpaka siku kama ile inapotuzibua masikio.

Asubuhi iliyofuata mazishi ilikuwa Jumatatu tarehe 20, Siku ya Mashujaa. Jioni yake ikawa Diwali. Kisumu imekuwa na Wahindi tangu reli ilipofika ufuoni mwaka wa 1901, na taa zao ni sehemu ya Oktoba yetu, ingawa mwaka mwingine huangukia Novemba kwa kuwa hufuata mwezi wa angani, kama zinavyofanya sikukuu za Waislamu. Usiku ule fataki zililia upande wa mjini. Katika ploti yetu taa zilizimwa, mama mmoja akawavuta watoto wake chini ya kitanda. "Polisi wako Kondele?" akaniuliza kupitia dirishani. Nikamwambia ni Diwali, wanasherehekea mwanga. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wangetuambia mapema, Mwalimu." Akaziwasha taa moja moja.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini kuna Jumamosi moja ilibaki.

Tarehe 25 Oktoba 2025 iliangukia Jumamosi, kama ile ya 1969. Nilitazama magazeti, nikasikiliza redio. Tulikuwa tungali katika habari za Bondo. Oktoba ni mwezi wa rozari kwa Wakatoliki, na kwetu Migosi wanajumuiya huzunguka kila jioni, leo nyumba hii, kesho ile, viti vya plastiki vikibebwa kichwani. Jioni hiyo zamu ilikuwa ya ploti yetu. Jumuiya yetu ni ya mchanganyiko, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, kwa hiyo tunasali kwa Kiswahili. Jumamosi ni siku ya Matendo ya Furaha. Kabla ya kila tendo mtu hutaja nia yake: mtoto anayefanya mtihani, mume aliyekosa kazi, marehemu Raila Amolo, ambaye tulikuwa tumemtaja kila jioni kwa siku kumi.

Kwenye tendo la nne, kutolewa kwa mtoto Yesu hekaluni, bibi mmoja mzee sana ambaye kwa kawaida hasemi lolote aliinua mkono. Sisi wote humwita Dani.

"Tuwaombee wale wa Russia," akasema.

Nikainua macho. Hakuongeza neno, alishaanza kuitafuta punje ya rozari kwa kidole. Kijana aliyekuwa akiongoza, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtoto mwema mwenye sauti safi, alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

"Tuwaombee wagonjwa wote waliolazwa hospitalini Russia," akasema, "ili Mungu awaponye upesi warudi nyumbani."

Tukaitikia.